Pampu ya joto: Tapeli si mashine, tapeli ni aliyekuja bila futi



Nimesoma kimya kwa muda mrefu jinsi ndugu zetu wa hapa Uingereza wanavyoziponda pampu za joto. Eti utapeli wa wazungu, eti mashine ya nchi za joto iliyoletwa kwenye baridi. Kwenye mkutano wa mwisho wa jumuiya yetu kaka mmoja ninayemheshimu alisimama akasema yeyote aliyefunga pampu ya joto ameibiwa mchana kweupe, na ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, kwa aibu, maana ni kweli niliibiwa. Lakini nilipofika nyumbani nikajiona mnafiki. Sebule ilikuwa na nyuzi 20, watoto wamevaa fulana, na mashine inayofanya kazi hiyo ni ileile niliyoibiwa nayo. Basi niliyoshindwa kuyasema pale nayasema hapa.

Mimi ni muuguzi, si fundi. Mwenye ujuzi anirekebishe, sitanuna.

Kwanza tuijue mashine, maana wengi wanaoipinga hawaijui. Weka mkono nyuma ya friji lako: pana joto. Joto hilo limetolewa kwenye maziwa na nyama likatupwa nje. Pampu ya joto hufanya hivyohivyo, ila inachota joto uani kwako na kulimwaga sebuleni. Hewa ya nje hata ikiwa nyuzi sifuri bado ina joto la kuchotwa, kwa sababu gesi inayozunguka ndani ya mashine ni ya baridi zaidi ya hewa hiyo. Gesi inalipokea joto, kompresa inaibana, inapanda joto sana, kisha inayapasha maji yanayokwenda kwenye rediata. Umeme unafanya kazi ya kuhamisha joto, si ya kulizalisha. Ndiyo maana yuniti moja ya umeme inaweza kukupa yuniti tatu za joto na zaidi, na hakuna uchawi hapo. Mdogo wangu ni fundi wa viyoyozi Dar es Salaam. Nilipomtumia picha alicheka: "Dada, hicho si kiyoyozi kilichogeuzwa?" Ndicho.

Wala si kitu cha juzi. William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, aliandika wazo hili huko Glasgow mwaka 1852. Mwaka 1945 mhandisi John Sumner alipasha jengo zima joto kwa pampu ya namna hii mjini Norwich, hapahapa Uingereza. Na Norway, ambako baridi yake ukiionja utaiona ya London kama kipupwe cha Lushoto, zaidi ya nusu ya nyumba zinatumia pampu za joto. Hoja ya kwamba baridi inaishinda mashine tuizike leo.

Sasa kisa changu. Boila yetu ya gesi ilikufa Januari 2023. Tunaishi Reading, nyumba ya miaka ya 1930 iliyoungana na ya jirani upande mmoja, vyumba vitatu vya kulala. Kampuni moja ilikuwa inapita mlango kwa mlango. Akaja kijana mpole ana tableti, akahesabu rediata, akapiga picha ya mita ya umeme, akanywa chai yetu ya tangawizi akaisifu, akaondoka. Dakika ishirini. Bei paundi 12,500, serikali inatoa ruzuku paundi 5,000 (ilipanda kuwa 7,500 Oktoba 2023, sisi tulishapitwa), sisi tulipe 7,500. Nilizipata kwa zamu za usiku za ziada, na anayezijua zamu hizo anajua maana yake mwilini.

Mashine ilifungwa mwezi Aprili. Majira ya joto yote tuliisifu. Baridi ilipoingia tukaonana. Sebule haikuvuka nyuzi 16. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kutuona, akawa anakula amevaa koti na kofia. Siku moja akachungulia dirishani akaona lile feni kubwa linavyozunguka uani, akaniuliza, "Mwanangu, naona inapuliza nje tu. Ndani inapuliza lini?" Nilicheka, kisha nikaingia bafuni nikalia. Tulipiga simu kampuni, tukaambiwa tupandishe joto la maji mpaka nyuzi 55. Tukapandisha. Bili ya umeme ya Januari 2024 ilikuwa paundi 412. Baada ya hapo simu zetu hazikupokewa tena.

Mwezi Machi rafiki yangu wa kazini alinielekeza kwa fundi mwingine, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Huyu alikuja na futi. Alikaa nusu siku. Akapima kila chumba, kila dirisha, kila rediata urefu na unene, akapanda darini, akatoboa kitundu kidogo ukutani kuona kama pengo la katikati ya matofali limejazwa kitu. Lilikuwa tupu. Akakaa mezani akapiga hesabu: nyumba yetu, siku ya baridi kali, inapoteza joto la kilowati 6 na ushee. Mashine tuliyouziwa ni ya kilowati 11.

Mtu atasema si afadhali kubwa kuliko ndogo? Hapana. Mashine kubwa kwenye nyumba ndogo inawaka, inajaza joto dakika chache, inazima, inawaka tena. Kila kuwaka ni umeme unaopotea na kompresa inayochakaa. Halafu rediata zilikuwa zilezile za boila. Boila hupeleka maji ya nyuzi 65 au 70, kwa hiyo rediata nyembamba inatosha. Pampu ya joto inapenda maji ya nyuzi 35 mpaka 45, na hapo unahitaji rediata pana na nene ili joto lilelile litoke. Bomba la kwenda sebuleni lilikuwa jembamba kama kidole cha mtoto, maji hayapiti ya kutosha. Na kichekesho cha mwisho: ndani ya tangi la maji ya moto kuna hita ya umeme ya dharura, ileile kazi ya birika, na waliiacha imewashwa muda wote. Miezi yote ile tulikuwa tunachemshiwa maji na birika huku pampu tuliyonunua ikiangalia.

Wenye cheti cha MCS, ambao ndio pekee wanaoruhusiwa kufunga mashine kwa ruzuku hii, wanatakiwa wafanye hesabu ya upotevu wa joto chumba kwa chumba kabla ya kuchagua mashine. Je, sisi hatukufanyiwa? Tulifanyiwa, kwenye karatasi. Nilipoifukua ile faili nikakuta inasema kuta zimejazwa kinga ya joto. Inasema nina chumba cha kulala namba nne, mita tatu kwa mita tatu na nusu, chenye dirisha moja. Nimekitafuta chumba hicho, waungwana, sijakiona mpaka leo. Na chini ya karatasi hiyo kuna saini yangu.

Hapo ndipo paliponiuma kuliko bili. Mimi wodini siweki saini ya morfini hata kwa mwenzangu ninayemwamini kama sijaiona chupa kwa macho yangu. Mtoto akiletwa, kabla ya dawa tunampima uzito, maana dozi inafuata kilo na si sura. Kazini hivyo, nyumbani kwangu nikasaini nikiwa kwenye basi natoka zamu, nikaithibitisha barua pepe ya ruzuku kwa kidole gumba. Nilipomsimulia mdogo wangu alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, hata mimi hapa Kariakoo simuuzii mtu BTU elfu 12 bila kukiona chumba chake."

Fundi yule alibadilisha rediata tatu, akapanua bomba la sebuleni, akazima hita ya tangi, akaiweka mashine isome baridi ya nje na kujipangia joto la maji yenyewe. Ukuta tukaujaza. Januari 2025 bili ilikuwa paundi 246, nyumba nzima ina joto. Ukubwa wa mashine umebaki kuwa kasoro isiyotibika. Tutaishi nayo mpaka ife.

Tufanye hesabu ambayo wauzaji hawaipendi, na wapinzani pia hawaipendi. Tuchukue bei za karibu na zile za mwaka 2025: umeme peni 26 kwa yuniti, gesi peni 6 na nusu. Boila nzuri inapoteza kidogo, kwa hiyo yuniti ya joto la gesi inafika peni 7 na nusu hivi. Pampu yangu ilipokuwa imefungwa ovyo ilitoa yuniti 2.2 za joto kwa moja ya umeme, sawa na karibu peni 12. Baada ya matengenezo inatoa 3.4, yaani peni 7 na nusu na ushee. Tumelingana na gesi, na tukikata gesi kabisa tunaokoa ile tozo ya kila siku ya mita, zaidi ya paundi 100 kwa mwaka. Ikifungwa sawasawa tangu mwanzo ingefika 4, hapo unamshinda jirani mwenye boila. Kwa hiyo anayekuahidi bili nusu anakudanganya, na anayesema lazima itakufilisi anakudanganya vilevile. Kila kitu kiko kwenye ile nusu siku ya kupima.

Serikali nayo ina lake. Mwaka 2020 Boris Johnson aliahidi pampu 600,000 kwa mwaka ifikapo 2028, lakini kwa miaka mingi tozo za sera zimebebeshwa umeme kuliko gesi, halafu wanashangaa watu wanang'ang'ania boila. Hilo ni la kumwandikia mbunge wako, na wewe unayepiga kura hapa una mbunge.

Lakini sikuja kumlilia mzungu. Nauliza kwa nini sisi tunauziwa kirahisi hivi. Jibu langu halitapendwa: kwa sababu nyumba za huku tunaziona gesti. Mikutano yetu ni viwanja vya Kigamboni, mabati ya Bunju, uraia pacha. Nimeona mtu anapigana kwa simu saa tatu na fundi wa Bunju juu ya nondo, mifuko ya simenti anaihesabu kwa picha, lakini hapa anasaini mkopo wa mashine ya paundi elfu kumi bila kuuliza swali moja, kwa sababu "hapa tunapita tu". Unapita miaka 22? Watoto wamezaliwa hapa, mapafu yao yanavuta hewa ya hapa.

Na si maneno ya kutisha. Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak, wa miaka miwili, alifariki Rochdale kwa sababu ya ukungu ndani ya nyumba ya kupanga. Wazazi wake walitoka Sudan. Walilalamika, wakadhaniwa tatizo ni namna wanavyoishi. Sisi nasi tunaambiwa mnapika sana, fungueni madirisha. Nyumba ya baridi huvuta unyevu, unyevu huleta ukungu, na mimi naupokea wodini Desemba mpaka Machi ukiitwa pumu. Wengi wenu ni wapangaji, ruzuku hii huombewa mwenye nyumba na si ninyi, najua. Ila mwenye nyumba binafsi anaruhusiwa kuipata. Mwambieni, kwa maandishi.

Kwa wenye nyumba, ombi langu ni moja. Akija muuzaji, mwombe hesabu ya chumba kwa chumba kabla ya bei. Isome. Hesabu vyumba! Uliza maji yatakuwa nyuzi ngapi siku ya baridi kali. Akisema 55 bila sababu, mpe chai yake aende. Ikishafungwa usiizimezime kama boila, iache itembee polepole usiku na mchana. Ikitoa mvuke asubuhi ya baridi inayeyusha barafu yake, haiungui. Jirani yangu aliwahi kunigongea akidhani ni moto. Shinikizo la maji likishuka au kichujio kikiziba italalamika kwa namba kwenye kioo, na kitabu chake kinaeleza. Kichujio unaonyeshwa mara moja, unajifunza.

Nina lingine kwa vijana wetu. Wapo humu waliosoma friji na viyoyozi VETA, leo wanaendesha teksi na kulea wazee. Kufunga pampu hizi ni kazi ya bomba zaidi, kweli, lakini ukarabati wa gesi na kompresa ni kazi yenu kabisa. Mashine mpya nyingi zinatumia propeni, ndugu wa gesi ya mtungi wa kupikia nyumbani. Cheti cha kugusa gesi za friji hapa ni kozi na mtihani wa siku chache kwa mtu anayeijua kazi. Jumuiya inayochangisha nauli ya msanii wa sherehe ya Muungano inaweza kuwalipia vijana wawili mtihani huo. Nilishapendekeza mara moja, ikaahirishwa.

Mkutano ujao nitakuja na karatasi yangu yenye chumba cha nne, na nitakuja na futi. Aliyepewa bei ya pampu aje na karatasi yake tuisome pamoja kabla hajasaini. Na wewe kaka yangu uliyepigiwa makofi, chai iko kwangu, njoo ukae sebuleni bila koti.

Naomba kuwasilisha.