Si Kila Mkojo wa Damu ni Kichocho

Mkoani Simiyu, damu kwenye mkojo huhesabiwa kuwa kichocho, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini binti anayeamka uso umevimba, viungo vinauma na mkojo wake wenye damu unatoa povu, huenda ana lupasi: seli B za kinga yake hutengeneza kingamwili dhidi ya vinasaba vyake mwenyewe, kingamwili hizo zikanasa kwenye vichujio vya figo, seli nyeupe nyingine zikavamia, protini ikavuja. Dawa ya kichocho haitamfaa. Wapo watakaosema ugonjwa huu ni nadra na zahanati zimeelemewa na malaria. Ni kweli, ila kijiti cha kupimia protini, kinachogeuka kutoka njano kuwa kijani ndani ya dakika moja, kliniki za wajawazito hukitumia. Binti huyo naye apimwe nacho, apewe rufaa mapema kwenda hospitali ya Bariadi hadi ile ya Bugando, Mwanza. Dawa ya prednisoloni hutuliza seli hizo za kinga, lakini haiponyi kichujio kilichokwisha kuwa kovu.