Silaha zinazochagua zenyewe wa kuua: Ituri ina neno la kusema



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja mkulima alituuliza: «Pasta, droni ikiniona shambani na panga mkononi, itajuaje kwamba mimi si mtu wa CODECO?» Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake ndilo mataifa yanabishania leo.

Droni si kitu kigeni kwetu. Desemba 2013, MONUSCO ilianza kurusha kutoka Goma ndege zisizo na rubani, zisizo na silaha, za kupeleleza tu. Miaka kumi baadaye, jeshi letu lilipata droni za CH-4 kutoka China, ambazo zinabeba makombora. Tarehe 17 Februari 2024, uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni, ndege za raia zikaharibiwa, na jeshi letu likaishutumu Rwanda.

Kwa kawaida droni za namna hiyo huongozwa na mtu. Yeye ndiye anayetazama picha na kutoa amri ya kupiga. Utafiti unaoendelea katika majeshi makubwa unatafuta jambo lingine: programu ya akili bandia ifundishwe kwa maelfu ya picha, kisha ilinganishe umbo, mwendo na joto la mwili, na kuamua yenyewe nani ni adui. Mwaka 2021, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba silaha za Kargu-2 kutoka Uturuki, zilizotumiwa Libya, zilipangwa ziweze kushambulia bila kuunganishwa na mwendeshaji.

Tusome Waamuzi 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka alilazimika kutamka neno Shibolethi. Ulimi ukiteleza, aliuawa. Walikufa Waefraimu 42 000 kwa sababu ya alama moja tu.

Sisi wa Bunia hatuhitaji kuelezwa sura hiyo. Kati ya 1999 na 2003, watu wetu waliuawa kwa sababu ya kabila, wengine kwa kukisiwa sura au lugha. Lakini tunajua pia kwamba mara nyingine mwenye silaha alisita. Alitambua jirani, au mtu waliyesoma naye, akageuza uso na kusema, «Pita haraka.» Wapo waliookoka kwa sababu ya kusita huko. Mashine haina jirani, wala haikusoma na mtu.

Wengine watasema: mashine haina hasira, haibaki, haiibi. Ni kweli, na tumeona vya kutosha yale ambayo binadamu anaweza kufanya. Lakini Mungu alimwuliza Kaini habari za ndugu yake, na Kaini alipaswa kujibu. Programu ikiua wakulima wa Djugu kwa makosa, nani ataitwa? Aliyeiandika, aliyeiuza, au kamanda atakayesema, «Ni mashine»? Pasipo mwenye kujibu, hakuna toba, na pasipo toba upatanisho tunaouhubiri hapa unakosa mlango.

Tena jambo hili linagusa udongo wetu. Koltani ya Rubaya, mgodi ulio mikononi mwa M23 tangu 2024, hutoa tantali inayotumiwa katika vifaa vya elektroniki, na silaha nazo zimejaa vifaa hivyo.

Desemba 2024, nchi 166 katika Umoja wa Mataifa zilipiga kura kuunga mkono mazungumzo juu ya silaha hizi, tatu zilikataa. Katibu Mkuu António Guterres ameomba mkataba wa kuzizuia ufikapo 2026. Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo lilitoa mwongozo kwa makanisa mwaka 2021.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwafundishe vijana wetu, maana baadhi yao ndio watakaoandika programu za kesho. Pili, tuwaulize wabunge wetu Kongo inasimama wapi. Tatu, tuandike ushuhuda wa wale walioachwa wapite vizuizini, kabla wazee hawajaondoka nao. Ushuhuda huo ni hoja ambayo wataalamu wa Geneva hawana.

Bwana, atazamaye moyo wala si sura, atulinde sote.