Mto Unapimwa, Mbona Matokeo Hatuyaoni?

Hebu simama kwenye daraja lolote la Mto Ngong pale Mukuru. Maji ni meusi, harufu inakufukuza. Huhitaji digrii kujua mto huu ni mchafu. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, na nimejua. Sasa maabara ni ya nini?

Ni ya yale macho hayaoni, bana. Metali nzito hazina rangi ya kukuonya. Maji yanaweza kung'aa na bado yakuletee kipindupindu.

Kanuni tunazo. Zile za ubora wa maji za 2006 zilisema chanzo cha maji ya nyumbani kisiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100. NEMA ina kazi ya kuwabana wachafuzi, nayo Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) ina kazi ya kufuatilia hali ya mito. Shida yangu ni kinachofuata. Mama anayenyunyizia sukuma wiki maji ya mto, nani humwambia vipimo vilisema nini?

Nambari zikitoka hapa, huishia kwenye ripoti za kimataifa. UNEP, ambayo makao yake ni hapo tu Gigiri, hukusanya takwimu za nchi kwa ajili ya Malengo ya Maendeleo Endelevu. Mto huitwa "mzuri" iwapo angalau asilimia 80 ya vipimo vyake vimefikia viwango, na viwango vyenyewe nchi hujiwekea. Vipimo vya msingi ni oksijeni, chumvi, naitrojeni, fosforasi na pH. Bakteria wa kinyesi hawamo. Madini ya risasi hayamo. Kwa hivyo mto unaweza kupita mtihani huo na bado mtoto anayeogelea humo akaugua.

Marekani, chini ya Sheria ya Maji Safi ya 1972, kila jimbo hutakiwa kutoa ripoti kila miaka miwili na kutaja kwa jina mito iliyochafuka. Si kwamba mito yao yote ni safi. Ila mwananchi wa huko anaweza kuona mto wake uko kwenye orodha au la.

Huku kwetu vijana wa Climate WorX wameingia Mto Nairobi kuzoa taka. Heko kwao. Lakini plastiki ikitoka, maji yenyewe je? Tunataka nambari za kabla na baada, zibandikwe darajani na kwa chifu, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Usingoje mwanasiasa akuombee. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha, na ofisi ina siku 21 za kuamua. Uliza maswali matatu tu: mto wetu ulipimwa lini, ulipimwa wapi, na matokeo ni yapi?

Mkiandika wengi mtaani, itakuwa vigumu kuwapuuza.