Kasomea ubunifu, anauza viatu mtandaoni: ada haijapotea

Wauzaji wenzangu, kuna maneno nayasikia sana mtaani: "Miaka yote hiyo chuoni kasomea grafiki, leo anauza viatu WhatsApp. Hela ya wazazi imeenda bure."

Mimi nakataa.

Anayesomea ubunifu hafundishwi kuchora logo tu. Anafundishwa kumwangalia mtu anayetumia kitu, kuona anakwama wapi, kujaribu dawa yake na kuirekebisha. Sasa hiyo si biashara ni nini?

Chukua Airbnb. Brian Chesky na Joe Gebbia walisomea ubunifu chuo cha Rhode Island School of Design, Marekani. Mwaka 2007 kodi ya nyumba iliwabana San Francisco. Kukawa na mkutano mkubwa wa wabunifu, hoteli zimejaa. Wakajaza upepo magodoro, wakalaza wageni 3 kwao kwa malipo.

2008 hela ikakata. Wakabuni maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yenye majina ya Obama na McCain, waliokuwa wakigombea urais, wakauza dola 40 boksi moja. Ndani nafaka za kawaida tu! Watu walinunua kifungashio.

2009 mapato ya New York yakagoma kupanda. Wakapitia matangazo ya wenye nyumba, wakaona picha ni mbovu. Wakaenda kupiga nzuri wenyewe. Mapato ya wiki yakapanda mara mbili, kutoka kama dola 200 hadi 400.

Tuwe wakweli: ubunifu peke yake hautoshi. Walikuwa na mwenzao wa tatu, Nathan Blecharczyk, fundi wa kompyuta. Na cheti cha ubunifu hakikuandikii daftari la mapato na matumizi. Hilo jifunze, au tafuta mwenzio anayelijua.

Kama umesomea ubunifu na unauza, fanya hivi:

1. Pitia inboksi yako. Watu 10 wakiuliza "saizi gani zipo?", usiseme wateja wasumbufu. Tangazo lako ndilo halijajibu. Andika saizi, bei na gharama ya kutuma.

2. Piga picha kiatu kikiwa kimevaliwa, halafu soli, halafu ndani. Mteja wa mtandaoni hawezi kukishika.

3. Badilisha kitu kimoja kwa wiki, kisha hesabu oda.

Na wewe ambaye hukusomea, ukimpata kijana wa ubunifu usimwagize posta tu. Mwambie ajifanye mteja, toka anapoona bidhaa mpaka anapolipa, akuonyeshe wapi watu wanakukimbia. Na umlipe, hiyo ni kazi.

Biashara ni mahali halali kabisa pa kutumia ubunifu. Tusiwavunje moyo watoto wa watu.

Wewe ulisomea nini, na leo unauza nini? Tuambie hapo chini.