Bodi Ikiwaka, Kazi ya Kupima Ndiyo Kwanza Imeanza

Omena huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata mwanga, na katika fuo za Gwassi, upande wa Magunga, mwanga huo siku hizi mara nyingi hutoka kwa taa ya LED na betri ya volti 12, si karabai. Taa ikizimika katikati ya ziwa, usiku mzima umekwenda bure. Kwa hiyo tunaharakisha mno tunapompigia makofi mwanafunzi au fundi wa jua kali kwa kuwa tu bodi ya taa aliyoilehemu imewaka. Chukua saketi nyepesi kuliko zote: LED tatu nyeupe mfululizo, kila moja ikichukua takriban volti 3, pamoja na rezista ya omu 150. Betri ikitoa volti 12, rezista hubaki na volti 3 na mkondo ni miliampea 20. Kila mtu anafurahi. Lakini betri hiyo ikichajiwa hufika volti 14.4; rezista sasa inabeba volti 5.4, na mkondo unapanda hadi miliampea 36 hivi. LED ndogo ya miliampea 20 haitakufa hapo hapo. Itapata joto, itafifia, kisha itazimika mteja akiwa ameshalipa.

Wapo watakaosema vipimo ni mambo ya maabara za Nairobi. La. Multimita ya kawaida hugundua lehemu iliyomwagikia njia ya jirani kabla betri haijaunganishwa, na balbu ya breki ya gari, wati 21, ikifungwa mfululizo na bodi hupunguza makali ya shoti. Kinachokosekana ni subira ya kuiacha bodi iwake usiku kucha ndani ya kasha lililofungwa, kwani joto la kasha si joto la mezani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bodi za China ni rahisi, sasa kuunda ya nini? Kwa bei sibishani. Ila hata hiyo ya kununua haina budi kupimwa, na anayejua kupima ni yule aliyewahi kuunda.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026. Walimu wao wa masomo ya umeme wadai karatasi ya vipimo: mkondo kwa volti 11, 12.6 na 14.4. Atakayeleta bodi iliyozimika na vipimo vinavyoonyesha hitilafu iko wapi apate alama zaidi ya mwenye bodi inayong'aa bila karatasi.