Kishikwambi Kipo, Printa Ipo, Karatasi Haitoki

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu Tanzania viligawiwa walimu. Mwalimu akapata kifaa cha kutungia mtihani akiwa sebuleni kwake. Kuuchapa ni habari nyingine. Anayenunua printa ndogo yenye alama ya Wi-Fi kwenye boksi huhangaika nayo jioni nzima, kisha kesho yake anaonekana steshenari, ambako kijana wa kaunta humwambia, “Nitumie WhatsApp.”

Lawama humwangukia yeye: hajui teknolojia, au bando limekwisha. Anaonewa. Kuchapa kwa Wi-Fi ya nyumbani kwa kawaida hakuli hata bando, kwa sababu kishikwambi na printa huwasiliana vyenyewe kupitia ruta. Sharti ni viwe kwenye mtandao mmoja, na hapo ndipo penye mitego. Printa nyingi za bei nafuu hushika masafa ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo hotspoti ya simu ikiwekwa kwenye gigahezi 5, printa haiioni kabisa. Wi-Fi ya wageni, ya hotelini au ofisini, mara nyingi huzuia vifaa visionane. Na nyumba isiyo na ruta hutegemea hotspoti ya simu: baba akitoka, mtandao umetoka naye.

Kinachoudhi ni kwamba tatizo la kuchapa kutoka kwenye kishikwambi lilikwisha kupatiwa dawa. iPad ilipoingia sokoni Aprili 2010 haikuwa na njia yake ya kuchapa. Novemba mwaka huohuo Apple ikaleta AirPrint, ikianza na printa chache za HP. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox zikaanzisha umoja wa Mopria ili vifaa vya Android navyo vichape kwa kanuni moja, na Android 8 ya mwaka 2017 ikaja na huduma ya kuchapa kwa kanuni hiyo ndani yake. Printa inayofuata kanuni hizo, ikishaunganishwa na Wi-Fi, haihitaji programu ya kiwandani ili ichape.

Hata hivyo kampuni hazikuacha kusukuma programu zao. Pakua, fungua akaunti, weka barua pepe, ruhusu ijue mahali ulipo. Hilo la mwisho lina sababu, maana Android huhesabu kutafuta mitandao ya Wi-Fi kuwa njia ya kujua mtu alipo, ingawa ni nadra mnunuzi kuelezwa. Akaunti haina utetezi huo. Inamsaidia zaidi anayetaka kuuza wino kuliko anayetaka jaribio la hesabu la darasa la nne. Na kutegemea seva za mbali kuna gharama yake: Google ilipofunga huduma yake ya Cloud Print mwisho wa 2020, printa zilizoitegemea zilipoteza njia hiyo zikiwa nzima.

Balbu hujaribiwa dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Printa nayo ijaribiwe. Mteja aje na kishikwambi chake, muuzaji awashe hotspoti, ukurasa mmoja utoke. Ikigoma mpaka ifunguliwe akaunti, irudishwe kwenye boksi palepale, na muuzaji amweleze aliyemletea mzigo kwa nini haikununuliwa.