Raketi Haidumishwi na Vikombe

Jioni moja majuzi, nikipita kando ya uwanja wa shule fulani hapa Tala, niliwaona wasichana wawili wakicheza vinyoya. Wavu hawakuwa nao. Walikuwa wamefunga kamba ya katani baina ya miti miwili. Kinyoya chenyewe kilikuwa kimenyonyoka nusu. Hapakuwa na mwamuzi wala mtazamaji, sembuse kikombe. Hata hivyo, kengele ilipolia, mmoja alimsihi mwenzake wacheze pointi moja tu ya mwisho.

Je, ni nini kimdumishacho mwanafunzi katika michezo ya raketi? Walimu wengi tutajibu upesi kwamba ni zawadi. Ndiyo sababu timu ikishindwa mapema, raketi hufungiwa stoo na saa ya michezo hugeuzwa kuwa ya masomo ya ziada. Nami nakiri kosa langu: zamani nilimwondoa kijana mmoja kikosini kwa kupoteza mechi moja. Hakushika raketi tena. Nilidhani hakuwa na moyo. Kumbe mimi ndiye niliyemvunja.

Mwaka 1971, mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mafumbo ya kuunganisha vipande. Baadhi yao walilipwa kwa kila fumbo walilofumbua. Malipo yalipokoma, hamu yao ilififia. Baadaye yeye na mwenzake Richard Ryan walieleza kwamba ari ya kudumu hutegemea mambo matatu: mtu awe na hiari, aone umahiri wake ukikua, na ahisi kuwa ni mmoja wa wenzake.

Michezo ya raketi inayo yote matatu. Kila pigo hutoa jibu papo hapo, na hakuna awezaye kuicheza peke yake.

Tazama mfano wa Angela Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake jijini Nairobi. Julai 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Mwaka 2024 alinyakua dhahabu ya tenisi katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Vikombe hivyo vilikuja baada ya miaka mingi ya kupiga mpira pasipo kushangiliwa. Kikombe ni tunda. Mzizi ni mapenzi ya mchezo.

Najua nitaulizwa: na mtihani je? Mzazi auzaye maharagwe katika soko la Tala ili alipe karo hakumleta mwanawe kupiga vinyoya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na sayansi ya michezo kuwa mmojawapo wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Isitoshe, mwanafunzi aliyezoea kulichunguza kosa lake na kujaribu tena anajifunza tabia ambayo hata hesabu huihitaji.

Basi walimu wenzangu, tusiwanyime wanafunzi saa yao. Tuwaache wachague mchezo na mwenzi wa kucheza naye. Tunaposifu, tutaje kilichoboreka: kwamba leo pigo la mkono wa nyuma limevuka wavu, ambapo jana lilikwama. Nanyi wanafunzi, msingojee raketi za dukani wala kocha kutoka Nairobi. Kamba na miti miwili yatosha kuanzia.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumeling'ang'ania neno la mwisho, kutunzwa, tukasahau lililo katikati. Mtoto akijua kuwa uwanja ni kwao, atacheza hata siku ambayo hakuna wa kumtunza.